Unga Tuliopeleka Ng'ambo ya Ziwa

Marahaba, wanangu. Mmeniomba niwaandikie habari za ghala la zamani, ninyi mnaoanza kazi ya ukaguzi wa nafaka hapa Sumbawanga. Nasikia mnacho kimashine cha kupima unyevu. Mnatia punje, kinawatajia namba. Vizuri. Sisi tulikuwa na meno.

Ulikuwa unachukua punje moja, unaiweka kwenye gego, unabana. Ikilia ka! kama kijiti kikavu, unapokea. Ikibonyea kimyakimya, unamwambia mwenye mali akaanike tena. Siku yangu ya tatu kazini nilibana jiwe. Ndiyo maana nikicheka upande huu mnaona pengo.

Aliyenifundisha ni Mzee Nyansio, mkaguzi mkuu, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, aliyevaa koti zito mwaka mzima kwa sababu, kwa maelezo yake, upepo wa Ufipa hausomi kalenda. Yeye ndiye aliyenipa bambo langu la kwanza. Bambo mnalijua, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili uchote punje za ndani. Mimi nilikuwa nachoma juu tu, karibu na mshono, kwa kuwa ni rahisi na huinami. Siku moja kijiji kimoja, sikitaji, kilileta magunia mazuri sana kwa juu. Nikapitisha yote. Mzee Nyansio akaja nyuma yangu, akachoma ubavuni, pumba zikamiminika kiganjani mwake.

"Sabina," akaniambia, "gunia lina mdomo, lina tumbo, lina makalio. Wewe umezungumza na mdomo peke yake."

Tangu siku hiyo nikawa nainama. Akanifundisha na kipimo cha chupa, ambacho hata leo nawashauri mkijue, maana betri za kimashine chenu zitakwisha siku mko Kaoze na duka halipo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo, tia chumvi kavu, ziba, tikisa, iache itulie kidogo. Chumvi ikikaa chini, mahindi yamekauka. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, bado yana maji. Ni kipimo ambacho hakidanganyi. Anayedanganya ni mpimaji, na hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, katikati ya mvua. Tulikuwa ghalani asubuhi, Mzee Nyansio amekaa kwenye mizani anakunywa chai, mara chai ikaanza kucheza kikombeni. Mabati yakalia. Rundo la magunia nyuma yangu likajisogeza kama mtu anayegeuka kitandani. Tukatoka mbio wote. Ilikuwa muda mfupi tu, kisha kimya, kuku wakabaki wanalalamika. Kwetu uliporomoka ukuta mmoja wa choo, na tulicheka mpaka machozi kwa sababu aliyekuwa chooni ni Meneja wetu, Ndugu Joakimu, naye alitoka na vumbi kichwani, suruali ameishika kwa mikono miwili, anauliza, "Ni nini? Ni lori?"

Kicheko kilikatika redio ilipotangaza. Tetemeko lililotikisa chai yetu lilikuwa limeangusha miji ya mwambao wa Zaire, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zimelala, watu wengi wamefukiwa, barabara za huko zimekatika. Haikupita wiki, Serikali yetu ikaamua kupeleka chakula. Mkoa wetu ndio uliokuwa na mahindi na ndio unaopakana na ziwa, kwa hiyo amri ikashuka kwetu: malori matano ya mahindi yafike Kasanga, bandarini, ndani ya siku tano. Meli itayavusha.

Mimi nilikabidhiwa kukagua na kupakia. Nilijiona mkubwa, siwafichi. Nilikuwa binti wa kijijini Mwimbi niliyekuja mjini na sanduku la mbao, na sasa nchi inapeleka chakula nchi nyingine kwa saini yangu.

Mshonaji wetu wa magunia alikuwa Mama Redegunda. Alikaa mlangoni juu ya gunia tupu, sindano yake ndefu kama mkasi wa bustani, akifunga midomo ya magunia siku nzima. Alizaliwa Wampembe, huko chini mwambaoni, ambako mtu anakuwa na shangazi upande huu wa maji na mjomba upande ule. Mdogo wake, Veronika, aliolewa ng'ambo na fundi wa mitumbwi. Tangu tetemeko, hakuna habari yake.

Siku ya kwanza ya kupakia akaniita bila kuinua macho.

"Dada Sabina, hawa watu watasaga wapi?"

"Watasaga kwao, mama."

"Kwao wapi? Hukusikia redio? Nyumba zimelala. Mashine ilikuwa ndani ya nyumba. Kinu kilikuwa ndani ya nyumba. Hata chungu cha kuchemshia kande kimo chini ya ukuta. Mtoto hajala siku ngapi sijui, wewe unampa punje kavu?"

Nilisimama na bambo langu mkononi kama mjinga. Tangu amri ije, hakuna hata mmoja wetu, kuanzia mkoani mpaka ghalani, aliyekuwa amewaza sufuria.

Nikaenda kwa Meneja. Ndugu Joakimu alikuwa mtu mwema, ila aliogopa karatasi. Akaisoma amri mara mbili, akaweka kidole kwenye mstari. "Imeandikwa mahindi, ndugu. Haikuandikwa unga."

Mzee Nyansio, aliyekuwa amenifuata polepole na koti lake, akasema, "Unga ni mahindi hayohayo, Ndugu Meneja. Yamepunguziwa safari."

Meneja akaguna. Kisha akazungusha mkono wa simu, akapata mkoani, akapiga kelele mpaka watu wa sokoni wakajua tunachotaka. Jibu likaja mchana: malori matatu yabebe mahindi, mawili yabebe unga. Ila meli haitangoja.

Mashine kubwa ya kusaga mjini ilikuwa ya Mzee Salumu, mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulikuwa na maduka na malori. Nilimkuta anatoka msikitini. Nikamweleza, nikijiandaa kubembeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wateja wangu watasaga keshokutwa. Hao wako hawana keshokutwa. Leta mahindi." Akatoa na mifuko ya marekani, ile nguo nzito ya pamba, aliyokuwa amehifadhi, iliyowahi kubeba ngano, maana unga ukiutia kwenye gunia la katani unaishia barabarani.

Tukasaga dona tangu alfajiri mpaka giza linaingia, siku mbili. Na hapa, wanangu, sogeeni karibu.

Unga ukitoka kwenye mashine ni wa moto. Jiwe linasugua, punje inapata joto, na lile joto linabeba maji ya punje. Ukiutia mfukoni vilevile na kuushona, joto halina pa kutokea, linageuka jasho. Mama yangu alilijua hilo. Kila alipotoka kusaga aliutandaza unga kwenye ungo, akauacha wazi mpaka upoe, na ukijaribu kuufunika anakufinya sikio. Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma. Na kuna lingine: yale mahindi niliyapima kwa chupa, na chumvi ilishika kioo. Kidogo tu. Nikasema moyoni, mvua hii yatakauka lini? Nikayapitisha.

Mama Redegunda alishika mfuko wa kwanza akauachia. "Unga huu unaniunguza mkono."

"Shona, mama. Meli haingoji."

"Upoe kwanza, Dada Sabina. Hata saa moja."

"Shona."

Akashona. Mkubwa wangu kwa umri, mwenye mdogo wake huko unakokwenda unga, nikamwamuru kama mtoto. Tukaipanga mifuko kwenye malori, mmoja juu ya mwingine, imebanana vizuri. Nikaisifu kazi yangu.

Siku ya tatu asubuhi nilipanda lori la kwanza kuhesabu. Nikasikia harufu. Si mbaya sana, harufu kama ya pombe inayoanza kuchacha. Nikauvuta mfuko wa katikati, nikaufungua mshono, nikaingiza mkono. Juu mkavu, mweupe. Mkono ulipofika tumboni mwa mfuko, ukazama kwenye joto na madonge. Nikafungua mwingine. Vilevile. Wa tatu ulikuwa na ukungu.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa uzee umeninyima sababu ya kujipamba. Wazo langu la kwanza halikuwa watu wa ng'ambo. Lilikuwa kazi yangu. Nilikaa juu ya ile mifuko nikafikiri: imeshonwa, kwa nje ni mizuri, ikishavuka maji nani atarudi kuniuliza? Watu wenye njaa watachagua kilicho kizima. Nilikaa muda. Halafu nikamsikia Mama Redegunda chini ya lori anaongea na mwenzake kwa Kifipa, anasema jana ameota Veronika anapepeta. Nikashuka.

Mzee Nyansio nilimletea donge kwenye kitambaa. Akalinusa, akalivunja, akanirudishia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi amebaki mmoja."

Ofisini kwa Meneja palikuwa na shamrashamra. Kesho yake viongozi walikuwa waje kuyaaga malori. Jukwaa lilishajengwa, kwaya ilishafanya mazoezi. Nikaliweka donge mezani, juu ya ratiba.

"Ni nini hiki?"

"Ni unga wetu, Ndugu Meneja. Umeharibika."

Akaugusa kwa ncha ya kalamu. "Nani aliupitisha?"

"Mimi."

"Hakuna aliyekuonya?"

Ningeweza kusema hakuna. "Mama Redegunda alinionya. Na chupa ilinionya."

Akavua miwani, akaiweka kando ya donge. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Malori ya mahindi yataondoka kesho, viongozi watayapungia. Ya unga yatabaki mpaka uniambie wewe mwenyewe kwamba unga unalika. Meli inaondoka keshokutwa adhuhuri. Nenda."

Nilianzia kwa Mama Redegunda. Nikapiga magoti pale mlangoni mbele ya wapagazi. Akanitazama, akachomeka sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Inuka," akasema. "Magoti hayapozi unga. Mikeka ndiyo inayopoza. Twende kwa balozi."

Balozi wa nyumba kumi akapeleka habari kwa mabalozi wenzake, na kabla ya saa nne wanawake wa mji walikuwa wanakuja na mikeka kichwani, nyungo na chekeche mkononi. Padri akafungua ukumbi, mwalimu akatoa madarasa mawili, wake wa wafanyabiashara wakaleta mikeka ya madrasa, mizuri mpaka nikaona haya kumwaga unga juu yake. Tukafungua kila mfuko. Sheria niliiweka moja: mfuko ukinuka katikati, wote unatoka, hata kama juu ni mweupe kama pamba. Watu walinibishia. Mama mmoja alilia akiona unga unatengwa, akasema kwake wamekula uji asubuhi na jioni wiki nzima. Nilitamani nimpe. Sikumpa, kwa sababu ukungu ule unaumiza ini, na mwenye njaa ndiye unayemuumiza zaidi.

Jioni tulikuwa tumepoteza karibu lori zima. Mzee Salumu akaja, akatazama lile rundo lililotengwa, hakunisema. Akauliza tu, "Kuna mahindi makavu kuliko yale?" Mzee Nyansio alikuwa na rundo lake la msimu uliopita, alilolitunza kwenye vichanja mbali na ukuta, chumvi ikitikiswa nayo inateleza kama mchanga. Yakasagwa hayo. Kila debe lililotoka likatandazwa mikekani, likapigwa upepo, na Mama Redegunda akaingiza kiwiko chake ndani yake kabla hajakubali kushona. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mimi nilishika mdomo wa mfuko.

Asubuhi, kwaya iliimba, viongozi wakapunga, malori matatu yakaondoka. Sisi tulikuwa nyuma ya ukumbi, weupe toka kichwani mpaka miguuni, tunamalizia. Watengeneza pombe wawili walikuja kunong'ona juu ya unga ulioharibika. Eti wangeutoa machoni petu bila usumbufu. Mzee Nyansio akawashukuru kwa moyo wao wa kujitolea, akawapa majembe, wakachimba shimo. Tukaufukia wote. Kumbukeni hilo: chakula kibovu usikiweke pembeni kwa ahadi kwamba utakitupa kesho. Kifukie ukiwa unatazama. Kikibaki juu ya ardhi kitapata mlaji.

Kesho yake alfajiri tuliondoka na malori ya unga, la pili limejaa nusu tu, mimi lori la mbele, Mama Redegunda kando yangu, kwa sababu alisema hatashuka hata akivutwa. Barabara ya kuteremka Kasanga mnaiona siku hizi. Wakati ule na mvua, dereva alikuwa anaendesha huku mlango uko wazi ili aweze kuruka. Tulifika jua likikaribia utosini, meli imeshapakia mahindi, nahodha ametoa saa yake mfukoni.

Ng'ambo walikuwa wamemtuma mtu wao apokee. Alikuwa mwalimu wa shule, shati limechanika begani, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nikaomba tufungue mfuko mmoja mbele yake, nikachoma bambo ubavuni, nikammiminia kiganjani. Akaulamba.

"Hii bunga," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "tunaweza kuipika leo?"

"Leo hii, mwalimu. Umekula?"

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. Nahodha akatazama saa, akatutazama sisi, akasema kupakia kutachukua muda wake. Mama Redegunda alikuwa ameshaomba sufuria kwa mabaharia. Akapanga mawe matatu pale ufukweni, akainjika. Alipokuwa anasonga, akauliza bila kugeuka, "Mwalimu, unamjua Veronika, mke wa fundi mitumbwi?"

"Fundi mrefu? Yule mwenye kigugumizi?"

"Huyo."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Fundi tulimzika. Mama Veronika yuko. Mkono umevunjika. Analala shuleni kwangu, na watoto wake wote."

Mwiko ulisimama. Kisha ukaendelea. Alisonga mpaka ugali ulipoiva, akaupakua, akammiminia yule mwalimu maji mikononi yeye mwenyewe. Mimi niliogopa kuonja. Nikamega, nikaonja. Ulikuwa unga mzuri.

Baada ya wiki mbili nilipewa barua ya onyo. Ndugu Joakimu aliiandika kwa mkono wake na kunisomea mlango ukiwa umefungwa, na katika mstari wa mwisho akaandika kwamba mhusika alijieleza mwenyewe kabla ya kuulizwa. Miaka iliyofuata alinituma vijijini kufundisha kupoza unga, na kila nilipofika nilianza kwa kusimulia kosa langu, maana nimeona watu wanamsikiliza zaidi mkaguzi aliyewahi kuungua. Usinielewe kwamba nakuambia ukosee. Utakosea tu. Ninalokuomba ni kwamba siku hiyo ushuke kwenye lori.

Veronika alikuja mwaka uliofuata, mkono umepinda kidogo, akakaa na dada yake mpaka watoto walipopata shule, kisha akarudi kwao kujenga.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote kilifika kabla yake, mvua zilipokwisha. Lori lililotoka Kasanga lilileta furushi limefungwa kwa kamba ya nyavu, halina barua. Tukalifungua mlangoni mwa ghala. Ndani ilikuwa mifuko yetu ya marekani, yote ya lile lori na nusu, imefuliwa, imekunjwa pembe kwa pembe. Nguo ile wakati huo ilikuwa adimu. Hapa kwetu watu walishonea watoto kaptula, na wale walikuwa wametoka ndani ya nyumba zao na nguo walizovaa tu. Hatukuwa tumeomba irudi. Palipotoboka palitiwa kiraka.

Mama Redegunda akachukua mmoja, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya mshono wa kiraka, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Wana mshonaji huko," akasema.

Akaukunja kama alivyoukuta, akaenda kuiweka yote mahali pakavu.